Kijana wangu anaitwa kuchezea Sewanee: je, si ndicho chuo kilichoshushwa daraja?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Sisi ni familia kutoka Tanzania, tunaishi Nashville, Tennessee. Kijana wangu wa kwanza yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na anacheza futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia na kugongana, si soka. Kocha wa chuo kidogo kiitwacho Sewanee amekuja kumtazama mara mbili, akamwambia wanamtaka. Sasa mtoto hasikii la mtu. Anasema chuo hicho mwaka 1899 kiliwafunga Texas na wakubwa wengine wanne ndani ya siku sita. Mjomba wake aliyeko Dallas ndiye aliyenitia hofu. Anasema hiyo ni hadithi ya kuvutia watoto. Ati ukweli ni kwamba walikuwa kwenye SEC, ligi kubwa ya vyuo vya Kusini, wakafungwa kila mechi, wakashushwa mpaka Divisheni ya Tatu, na leo hawana hata senti ya kumlipia mchezaji. Tena anasema ni chuo cha Wazungu wa Kusini ya zamani, tusimpeleke mtoto huko. Mimi mpira huu siujui. Naogopa mambo matatu: pesa, kichwa cha mwanangu, na kumpeleka mahali penye timu iliyokufa. Nieleweshe, hiki chuo ni kitu gani?"*

Dada yangu, pole kwa mawazo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba hakuna aliyekudanganya nyumbani kwako. Mwanao amesema kweli tupu kuhusu 1899. Kaka yako wa Dallas naye ameshika mambo ya kweli mkononi, ila ameyasoma kwa kanuni za mpira wa kwetu, na hapo ndipo maana ilipopotea.

Nianze na hilo neno "kushushwa", kwa sababu ndilo lililokunyima usingizi. Nyumbani, timu ikishika mkia wa Ligi Kuu, msimu ukiisha inashuka. Hailiombi, hailitaki, linaikuta. Michezo ya vyuo vya Marekani haiendi hivyo. Hakuna kupanda wala kushuka kwa matokeo. Chuo kinaweza kufungwa miaka ishirini mfululizo na kikabaki kwenye ligi ileile kubwa, kama kina pesa na kama wenzake wanakitaka. Wewe unaishi Nashville, unapita kando ya chuo cha Vanderbilt. Waulize majirani zako wamefungwa miaka mingapi, na bado wako SEC. Divisheni ni uamuzi wa chuo chenyewe: tutatumia pesa kiasi gani kwenye michezo, na je, tutamlipia mtu masomo kwa sababu anajua kucheza? Anayejibu "hapana, hatumlipii mtu kwa mpira" kwa kawaida anakwenda Divisheni ya Tatu. Sewanee ilijibu hivyo zaidi ya miaka 80 iliyopita, wakati divisheni zenyewe hazijazaliwa. Kwa hiyo haikushushwa, dada. Iliondoka kwa miguu yake.

Sasa nikupeleke nyuma kidogo, maana bila historia hutaelewa unachopewa.

Jina kamili ni University of the South. Sewanee ni jina la mji mdogo kilipo, juu ya uwanda wa milima ya Cumberland, na watu wameuzoea mji hata wakasahau jina la chuo. Kiliasisiwa mwaka 1857 na maaskofu wa Kanisa la Episkopali, ambao ni Waanglikana wa Marekani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ikakiharibu kabla hakijafungua mlango. Kilipofunguliwa mwaka 1868 kilikuwa na wanafunzi 9 na walimu 4. Mpaka leo wanafunzi hawafiki elfu mbili, na wamekaa kwenye msitu wa ekari zipatazo 13,000. Mpira walianza kuucheza mwaka 1891, na uwanja wa mwaka ule ndio wanaouchezea hadi sasa, mmoja wa viwanja vikongwe kabisa vya mchezo huo nchini.

Halafu ukaja msimu wa 1899. Meneja wa timu alikuwa mwanafunzi, kijana aitwaye Luke Lea. Walikuwa wamegombana na Vanderbilt juu ya mgawanyo wa pesa za mlangoni, na mechi dhidi ya Vanderbilt ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Mechi ikafa, mfuko ukabaki mtupu. Lea akatafuta njia ya kufidia: akapanga safari ya treni ya maili kama 2,500, yaani kilomita elfu nne hivi, kwenda Texas na kurudi kwa kupitia Louisiana na Memphis, akabananisha mechi tano humo ndani ili gharama ya njia ilipwe na viingilio. Inasimuliwa kwamba walipakia mapipa ya maji ya chemchemi ya nyumbani ili vijana wasiugue tumbo ugenini, na kwamba viatu vya kuchezea vilisahaulika kituoni vikalazimika kuwafuata nyuma.

Alhamisi tarehe 9 Novemba, mjini Austin, wakawafunga Texas 12–0. Ijumaa, Houston, Texas A&M 10–0. Jumamosi, New Orleans, Tulane 23–0. Jumapili hawakucheza. Jumatatu, Baton Rouge, chuo cha jimbo la Louisiana (LSU) 34–0. Jumanne, Memphis, chuo cha Mississippi 12–0. Mechi tano, siku sita, na hakuna aliyewagusa hata kwa pointi moja. Msimu mzima walicheza mechi 12 wakashinda zote, wakakusanya pointi 322 na kufungwa 10 tu. Pointi hizo 10 zote zilitoka kwa Auburn, iliyokuwa ikifundishwa na John Heisman, yule ambaye jina lake leo limepewa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Na hata mechi hiyo Sewanee walishinda 11–10. Siku mbili baadaye wakawafunga North Carolina 5–0, msimu ukaisha. Kwa hiyo usimkaripie mwanao. Hiyo hadithi imeandikwa, ina tarehe, na ina haki ya kumsisimua kijana wa miaka 17.

Lakini kumpeleka mtoto chuoni kwa sababu ya 1899 ni jambo jingine, na hapa naomba unisikilize taratibu. Swali la maana ni hili: ilikuwaje chuo cha watu wachache, kilichojificha mlimani, kikawaweza Texas? Na kwa nini hakitawaweza tena?

Mpira wa siku zile haukuwa huu anaoucheza mwanao. Kuurusha mpira mbele kwa mkono, jambo ambalo leo ndilo roho ya mchezo, kulikuwa marufuku mpaka 1906. Timu ilipewa majaribio matatu kusogea yadi tano, basi kazi ilikuwa kusukumana kifua kwa kifua, vumbi na matope. Mchezaji akitoka hakurudi tena. Vijana walewale 11 walishambulia na walewale walilinda. Ukiwa na vijana 15 wenye nguvu, nidhamu na roho ngumu, umekamilika. Hao waliopanda treni ile walikuwa 21, na baadhi yao walicheza karibu kila dakika. Zaidi ya hayo, hao tunaowaita wakubwa walikuwa bado wadogo. Texas ya 1899 haikuwa na maelfu ya wanafunzi wala uwanja wa watu laki moja. Hakukuwa na televisheni, hakukuwa na kocha anayelipwa mamilioni. Mwanya kati ya mdogo na mkubwa ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akili ya meneja mmoja mwanafunzi iliweza kuuvuka.

Mwanya huo ukapanuka. Sewanee waliendelea kuwa tishio kwa muda. Mwaka 1909 walikuwa mabingwa wa Kusini. Lakini vyuo vya majimbo vikakua, vikapata kodi ya wananchi, vikajenga viwanja vya saruji ambavyo lazima vijazwe ili vilipwe. Ukijenga uwanja mkubwa unahitaji kushinda. Ukihitaji kushinda unahitaji wachezaji. Ukihitaji wachezaji utaanza kuwalipa, kwanza kwa siri, baadaye waziwazi. SEC ilipoundwa mwaka 1932, Sewanee ilikuwa mmoja wa waanzilishi 13, kwa heshima ya jina lake la kale. Mwaka 1935 ligi hiyo ikaruhusu hadharani vyuo vitoe ufadhili kwa ajili ya mpira. Chuo chenye wanafunzi mia chache kingeweza vipi? Sewanee ilicheza mechi 37 za ligi katika SEC na ikafungwa zote 37. Kaka yako hakukosea hapo.

Hapo ndipo anaingia Alexander Guerry, aliyekuja kukiongoza chuo mwaka 1938. (Kiongozi wao huitwa Makamu Mkuu wa Chuo, kama kwetu, Mkuu mwenyewe ni askofu.) Guerry aliupenda mpira, ila aliona jambo ambalo wengi hata leo hawataki kuliona: kwamba kijana unayemlipa ili acheze si mwanafunzi anayecheza tena, ni mfanyakazi unayemdai ushindi. Akafuta ufadhili wa mpira. Desemba 1940 chuo kikajitoa SEC. Hawakufukuzwa.

Nikupe mfano wa pembeni ili uone kulikuwa na njia nyingine. Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa jitu la mpira. Mchezaji wake, Jay Berwanger, ndiye wa kwanza kabisa kupata ile tuzo ya Heisman, mwaka 1935. Mwaka 1939 rais wake, Robert Maynard Hutchins, aliona kilekile alichokiona Guerry, akaifuta timu yote. Miaka 30 hapakuwa na mpira wa ushindani wa ngazi hiyo; ulirudi mwaka 1969. Sewanee hawakuiua timu yao. Waliendelea kucheza, kwenye uwanja uleule, na vyuo vya ukubwa wao, bila kumlipa mtu. Mimi binafsi naona uamuzi wa Sewanee ulikuwa wa busara zaidi, kwa sababu vijana kama wako wapo wengi: wanaoupenda mchezo kwa moyo wote lakini hawataula mkate wake. Na timu haikufa, dada. Chini ya kocha Shirley Majors ilimaliza bila kufungwa mwaka 1958, ikarudia 1963. Mwaka 1962 walishiriki kuunda ligi ya vyuo vidogo vyenye msimamo huohuo, na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilipogawa divisheni mwaka 1973, kanuni ya "hakuna ufadhili kwa mpira" ikawa sheria ya Divisheni ya Tatu nzima, ambayo sasa ina vyuo zaidi ya 400. Walichokiamua peke yao wakachekwa, mamia wakakifuata.

Sasa tuingie kwenye pesa, maana najua ndiyo inayokukaba.

Ni kweli: Sewanee haiwezi kumlipia mwanao masomo kwa sababu ya mpira. Hairuhusiwi. Lakini usitafsiri kwamba hatapewa msaada wowote. Vyuo vya aina hii hutoa pesa nyingi kwa njia mbili nyingine: kwa uhitaji wa familia, mnaoueleza kwenye FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa masomo, na nyinginezo, na kwa sifa za masomo. Ada utakayoiona kwenye tovuti itakushtua. Usiifunge kompyuta. Sheria inakitaka kila chuo kiweke hapo kikokotoo cha gharama halisi. Unaingiza kipato chenu na idadi ya watoto, kinakupa makadirio ya mtakachotoa nyie. Fanya hivyo usiku wa leo kabla ya kubishana na mtu.

Na kuna faida moja ambayo watu hawaisemi. Kwa kuwa msaada haukutolewa kwa mpira, haunyang'anywi kwa mpira. Mwanao akivunjika goti mwezi wa pili, au akiamka siku moja akasema nimechoka kugongana, barua yake ya msaada haibadiliki kwa sababu hiyo. Nimeshakaa na wazazi ambao watoto wao walikuwa na ufadhili wa michezo kwenye ngazi za juu, na hofu yao kila msimu ilikuwa mwili wa mtoto: ukiumia, na masomo je? Wewe hofu hiyo utakuwa huna.

Ila jihadhari na maneno mawili. La kwanza, "tunakutaka" ya kocha si barua ya chuo. Kocha anaweza kumsemea mwanao ofisi ya udahili, lakini hawezi kumdahili wala kumwahidi pesa. La pili, makocha wa vyuo vidogo mara nyingi huwahimiza vijana waombe kwa njia iitwayo Early Decision. Njia hiyo inakufunga: akikubaliwa, anatakiwa aende, na ameshaondoa maombi kwingine. Maana yake hamtaweza kuweka barua mbili za msaada mezani mkazilinganisha. Unaweza kujitoa kama msaada hautoshi kabisa, lakini ni mashaka usiyoyahitaji. Familia ambayo pesa ndiyo swali kubwa, ningeishauri iombe kwa njia ya kawaida isiyofunga. Kocha mzuri ataelewa. Asiyeelewa amekuonyesha kitu.

Barua ya msaada ikija, tenganisheni ruzuku na mkopo. Zote zitaandikwa pamoja chini ya kichwa cha "msaada", na jumla itapendeza macho. Ruzuku hairudishwi, mkopo utamfuata mwanao miaka. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, basi chukua daftari, piga mstari katikati. Kama hati zenu za uhamiaji hazijakamilika, au ni za aina ambayo huna uhakika nayo, usitegemee mimi wala wanakanisa wenzako. Nenda ana kwa ana ofisi ya misaada ya fedha ya chuo, na kwa wakili wa uhamiaji au shirika linalowahudumia wahamiaji hapo Nashville, kabla ya kujaza chochote. Sheria hizo hubadilika.

Kuhusu rangi, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kaka yako ana sababu. Chuo hiki kilianzishwa na watu wa jamii iliyoishi kwa utumwa. Mmoja wa maaskofu waasisi, Leonidas Polk, alivua joho akawa jenerali wa jeshi la Kusini, akauawa vitani mwaka 1864. Timu ile ya 1899 ilikuwa ya vijana wa Kizungu watupu. Mweusi aliyesafiri nao, Cal Burrows, alikuwa mhudumu wa miili yao, na jina lake lilikaa miaka mingi bila kutajwa wakati wachezaji wanasifiwa. Mimi nikiisimulia safari ile namtaja, kwa sababu misuli iliyocheza mechi tano ndani ya siku sita kuna mikono iliyoikanda. Mwaka 1952 wadhamini walikataa kupokea wanafunzi Weusi kwenye shule ya theolojia. Walimu wakajiuzulu kwa kupinga, na mwaka uliofuata uamuzi ukageuzwa.

Hiyo ni jana. Leo ni hivi: chuo chenyewe kina mradi wa miaka kadhaa wa kuchunguza historia yake ya utumwa, na mwaka 2020 bodi yake ilikataa kwa maandishi heshima iliyokuwa ikitolewa kwa jeshi lile la Kusini. Mwaka huohuo kiliongozwa kwa mara ya kwanza na mtu Mweusi, Reuben Brigety, aliyewahi kuwa balozi wa Marekani kwenye Umoja wa Afrika pale Addis Ababa. Hakukaa muda mrefu. Na mwaka 2021 baadhi ya watazamaji kwenye mechi ya lakrosi waliwatukana wachezaji wageni kwa maneno ya kibaguzi, mpaka Brigety akatoa barua ya wazi kulaani. Nakuambia yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli. Mwanao atakuwa mmoja kati ya wachache. Wengine wamepita humo wakastawi, wakapata walimu wanaowajua kwa majina na marafiki wa maisha. Wengine wamechoka. Hakuna historia itakayokuambia wako atakuwa yupi. Watakaokuambia ni wachezaji Weusi waliopo sasa kwenye timu ile. Omba kukutana nao bila kocha kuwapo. Mwachie kijana aongee nao peke yake, maana kuna mambo hawatayasema mbele ya mama.

Limebaki la kichwa, na hili nalisema kwa uzito.

Futiboli ya Kimarekani imejengwa juu ya kugongana, tangu mwanzo. Mwaka 1905 vifo vya wachezaji vilizidi mpaka Rais Theodore Roosevelt akaviita vyuo vikubwa Ikulu, na mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa, ukaruhusiwa ule urushaji wa mbele ili watu watawanyike uwanjani, na chama kilichokuja kuitwa NCAA kikazaliwa. Kwa hiyo chombo kinachosimamia michezo ya vyuo leo kilizaliwa kwa sababu watoto wa watu walikuwa wanakufa. Tangu hapo kofia ngumu zimekuja, na wazazi wengi hudhani kofia imemaliza kazi. Haijamaliza. Kofia inalinda fuvu lisipasuke. Ubongo wenyewe ni kitu laini kilichokaa ndani ya majimaji. Mwili unaokimbia ukisimama ghafla, ubongo unaendelea kwenda, unajipiga ndani. Kofia haiwezi kuufikia huko. Huo ndio mtikisiko wa ubongo, na mtu anaweza kuupata bila kuzirai hata sekunde moja.

Tena si mipigo mikubwa tu. Ile midogo inayorudiwa kila siku mazoezini nayo hujikusanya. Watafiti wa Boston walitangaza mwaka 2017 kwamba katika bongo 111 za marehemu waliocheza NFL, ligi kuu ya kulipwa, 110 zilikuwa na ugonjwa wa kuharibika kwa ubongo uitwao CTE. Usiichukue hesabu hiyo kwamba karibu kila anayecheza ataugua. Bongo hizo nyingi zilitolewa na familia zilizokuwa tayari zina wasiwasi. Lakini inatosha kutufanya tuhesabu miaka. Kijana anayecheza miaka minne chuoni akaacha, si sawa na anayeendelea miaka kumi ya kulipwa, na si sawa na asiyecheza kabisa. Hatari ipo, ni ndogo kuliko ya wale wa NFL, na hakuna divisheni inayoiondoa.

Basi kama mwanao amewahi kupata mtikisiko wa ubongo hata mmoja sekondari, nenda naye kwa daktari wa michezo au wa mishipa ya fahamu kabla ya kukubali timu yoyote, ukiwa na kumbukumbu zake. Kama ni miwili au mitatu, usiruke hatua hiyo hata kama anakuapia kwamba yuko sawa. Vijana hudanganya ili wacheze. Akigongwa akaanza kutapika tena na tena, kichwa kikizidi kumuuma, ulimi ukawa mzito, mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyenzake, akapata degedege au akawa haamshiki, hapo hakuna kusubiri kesho wala dawa ya maumivu: piga 911. Na chuoni uliza swali moja: mchezaji akigongwa kichwa, nani anaamua arudi lini? Jibu unalolitaka ni la watu wa tiba, na kocha asiweze kulipindua. Sheria za NCAA zinakataza mwenye mtikisiko uliothibitishwa kurudi uwanjani siku hiyohiyo.

Je, kuna njia nyingine? Zipo. Anaweza kwenda chuo kikuu cha jimbo chenye ada nafuu na kujaribu kuingia timu bila ufadhili. Wengi hujaribu, wachache huvaa jezi siku ya mechi. Anaweza kuanzia chuo cha jamii kwa mpango wa Tennessee Promise, ambao huwasaidia wahitimu wa sekondari za jimbo lenu wanaotimiza masharti wasilipe ada, ila mpira huenda ukaishia hapo. Na kama ndoto yake ni NFL, mwambieni ukweli kwa upole: kutoka Divisheni ya Tatu hutokea, kama Ali Marpet aliyetoka Hobart akachaguliwa mwaka 2015, lakini hutokea kwa nadra sana hivi kwamba jina la mmoja linakumbukwa na kila mtu. Kama anachotaka ni shahada nzuri, darasa dogo, na miaka minne zaidi ya kuuaga mchezo anaoupenda, basi aliyopewa ni nafasi ya maana, na wala si kwa sababu ya 1899.

Kutoka Nashville ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa I-24, mnapanda mlima wa Monteagle. Nendeni siku ya kazi, siyo siku ya mechi. Siku ya mechi kila chuo kinapendeza. Asubuhi kaeni na ofisi ya misaada ya fedha, mchana mwanao aingie darasani na ale na wachezaji, jioni simameni pembeni ya mazoezi mwone kocha anavyoongea na kijana aliyekosea. Kaka yako wa Dallas akiweza, aje naye.